UZI: Faili zako ni za nani? Tuongee ODF, LibreOffice na mazoea ya steshenari zetu Mwanza

Fundi wa Makoroboi (mleta uzi)

Wadau wa Mwanza na kanda ya ziwa yote, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aseivu asome akitulia.

Nataka tuongee kuhusu faili. Sio programu, faili lenyewe. Ukipita steshenari yoyote mjini hapa, iwe Buzuruga, Nyegezi stendi au kule Malimbe wanakokaa wanachuo, mtu akileta laptop anasema "niwekee Office" na akileta flashi anaulizwa "umeandikia Word ya mwaka gani". Hakuna anayeuliza kazi yake inaandikwa kwa utaratibu gani na nani ataweza kuisoma baada ya miaka kumi. Mimi naona hilo ndilo swali la kwanza kabisa, programu inafuata nyuma.

Iko hivi. Ukiandika barua au bajeti ya kikundi, kompyuta inayahifadhi maneno yako kwa mpangilio fulani, na mpangilio huo ndio tunaita fomati. Zipo fomati ambazo maelezo yake yapo hadharani, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuyasoma akatengeneza programu ya kuzifungua bila kuomba ruhusa wala kulipa. Na zipo ambazo maelezo yake anayo mwenye kampuni peke yake. Hiyo ya pili ni sawa na kuweka dagaa zako kwenye ghala ambalo ufunguo anakaa nao mtu mwingine, dagaa ni zako kweli lakini siku akisafiri huli.

Ile .doc ya zamani iliishi hivyo miaka mingi. Microsoft waliweka maelezo yake wazi kwa kila mtu Februari 2008, wakati huo dunia nzima ilikuwa imeshajaza makabati kwa .doc, na waliokuwa wanatengeneza programu mbadala walikuwa wanakisia tu, wanalichambua faili baiti kwa baiti.

Sasa ODF, yaani OpenDocument Format, fomati ya wazi ya nyaraka za ofisi. Ukiona faili linaishia na .odt hilo ni la maandishi, .ods la hesabu, .odp la slaidi. Kiwango hiki kilipitishwa na OASIS, shirika la viwango vya kompyuta, Mei 2005, mwaka uliofuata kikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Na historia yake ndiyo inayonifanya nikiamini. Kule Ujerumani kulikuwa na kampuni inaitwa Star Division, wakatengeneza programu ya ofisi, StarOffice. Mwaka 1999 wakanunuliwa na Sun Microsystems, Sun wakaufungua msimbo mwaka 2000 ikazaliwa OpenOffice.org. Mwaka 2010 Sun nao wakanunuliwa na Oracle, watengenezaji wengi wakaingia wasiwasi, Septemba mwaka huohuo wakajitenga wakaanzisha The Document Foundation na programu yao ya ofisi, ya bure, wakaiita LibreOffice. Oracle baadaye wakaikabidhi OpenOffice kwa Apache. Hesabu mwenyewe imepita mikono mingapi, na .odt iliyoandikwa 2005 leo unaifungua bila shida yoyote. Wenye mali wamebadilishana, wengine hata jina halipo tena sokoni, faili limebaki linasomeka. Hiyo ndiyo faida ninayoisema.

Jaribu hii kitu ujionee. Chukua faili lolote la .odt, likopi pembeni, halafu badilisha mwisho wa jina liwe .zip ulifungue. Ndani utakuta content.xml ndiyo yenye maneno yako, styles.xml ndiyo yenye muonekano, meta.xml ina habari za faili, na picha zako ziko kwenye folda yake zimekaa zilivyo. Fungua hiyo content.xml kwa Notepad, utayaona maneno yako katikati ya alama alama. Yani hata programu zote za ofisi zikipotea duniani, kazi yako unaitoa kwa mkono.

Najua kuna mtu atasema mbona hata .docx ni zip. Ni kweli, tena nayo ina kiwango chake, ISO/IEC 29500 ya mwaka 2008. Nitakuwa mkweli hapo, .docx ni afadhali mara mia kuliko .doc. Ila ile karatasi ya kiwango ilikuwa na kurasa zaidi ya 6,000, na ndani yake kuna vitu kama autoSpaceLikeWord95, maana yake "panga nafasi kama Word 95 ilivyokuwa inapanga". Sasa wewe ambaye hukutengeneza Word 95 utajuaje ilikuwa inapangaje? Ndiyo maana kura ya kwanza ya ISO, shirika la viwango la kimataifa, Septemba 2007 ilikwama, na ilipopita 2008 nchi nne, Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela, zilikata rufaa. Rufaa zikatupwa, lakini utaona haikuwa ugomvi wa vijana wa kompyuta peke yao, hata taasisi za viwango za nchi zilikuwa zinapinga.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Kazi yako ya msingi, ile unayotaka kuikuta baada ya miaka, iweke ODF. Ya kumpa mtu aprinti tu, mpe PDF. Anayetaka .docx kwa lazima mtolee kopi ya .docx. Karibuni tujadili.

Mzee wa Bando

Mkuu umeeleza vizuri lakini mimi naona unahangaika. Office ya kukraki ipo bure, fundi anaweka buku tano, unapiga kazi. Kwa nini nijifunze kitu kingine?

Fundi wa Makoroboi

Kaka tuongee kama watu wazima. Kwanza hiyo buku tano unamlipa fundi kila Windows ikiharibika, kwa hiyo sio bure. Pili, zile aktiveta za kukrakia zinakwambia uzime antivirasi kwanza ndio ziingie. Fikiria mwenyewe, mtu usiyemjua anakwambia fungua mlango wa nyuma ulale. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu zimejaa virusi, flashi inageuza mafolda yote kuwa shotikati, ukimuuliza mwenye mashine utasikia kuna kitu kilikrakiwa.

Na hapo bado hujagusa wenye leseni halali. Ukilipia Microsoft 365 halafu mwezi ukapita hujalipa, programu zinabaki za kusoma na kuprinti tu, kuhariri hupati. Sisemi ni wizi, ni mkataba wao na wameuandika. Ninachosema, ujue kwamba unakodi.

LibreOffice leseni yake inakuruhusu kukopi na kumpa jirani. Hiki ndicho ninachokipenda kwa mazingira yetu. Faili la kuinstolia kwa Windows ni kama MB 350, mtu mmoja anashusha kwa bando lake usiku, kesho yake inapita kwa flashi soko zima la Makoroboi na hakuna aliyevunja sheria. Ishushwe libreoffice.org tu, sio kwenye tovuti za ajabu ajabu.

Mwanachuo Malimbe

Naomba kuuliza kwa heshima. Supavaiza wangu anataka .docx na anasahihisha kwa zile alama nyekundu pembeni. Nikitumia LibreOffice si nitapoteza masahihisho yake? Halafu nilishawahi kupeleka kazi steshenari, jalada likahamia kurasa mbili na yaliyomo yote namba zikawa sio zenyewe, nikatoa hela ya kuprinti mara ya pili. Niliumia sana maana ilikuwa siku ya mwisho.

Fundi wa Makoroboi

Mdogo wangu pole, hilo linawakuta wengi na wengi wanailaumu programu. Mara nyingi chanzo ni fonti. Umeandikia Calibri, mashine ya steshenari haina Calibri, inaweka fonti nyingine yenye herufi pana zaidi au nyembamba zaidi, mstari mmoja unasogea, aya inasogea, mpaka jalada linavunjika. Hata Word kwa Word itakufanyia hivyo kama fonti hazilingani.

LibreOffice inakuja na fonti zilizopimwa upana uleule. Carlito inakaa pale pale pa Calibri, Caladea inakaa pa Cambria, Liberation Serif pa Times New Roman, Liberation Sans pa Arial. Upana wa kila herufi ni sawa kwa hiyo mistari inavunjika palepale. Shida inakuja kwa Aptos, ile Microsoft waliyoifanya fonti ya kuanzia kwenye Word mpya, mashine isiyo nayo itaweka chochote. Kwa hiyo ushauri wa kwanza, disateshen yako iandike kwa Times New Roman kama vyuo vingi vinavyotaka na umalize mjadala.

Ushauri wa pili, kuprinti peleka PDF, usipeleke .docx. PDF inabeba fonti zake ndani, steshenari ikifungua inaona ulichoona wewe.

Kuhusu supavaiza, Writer, programu ya maandishi ndani ya LibreOffice, inasoma masahihisho na maoni yaliyowekwa kwa Word, na yako yanaonekana kwake. Wewe fanya kazi kwenye .odt, siku ya kumtumia toa kopi ya .docx, akirudisha fungua yake hiyohiyo, kubali au kataa kila sahihisho, ukimaliza seivu tena .odt. Usiwe unaruka kati ya fomati mbili kila dakika kwa faili lilelile, hapo ndipo vitu vidogo vidogo vinapotea, hasa maboksi ya picha na jedwali zilizopachikwa ndani ya jedwali. Na kwa marejeo tumia Zotero, ni bure na inaungana na Writer.

Jambo lingine ambalo naliona kila msimu wa disateshen, tafadhalini acheni kutengeneza yaliyomo kwa kubonyeza nukta nukta nukta mpaka mwisho wa mstari. Tumia staili za vichwa, Heading 1, Heading 2, yaliyomo yanajitengeneza yenyewe. Kazi iliyoandikwa kwa staili inahama kutoka programu moja kwenda nyingine ikiwa nzima, iliyopangwa kwa spesi na enta haihami salama hata siku moja.

Mama Steshenari

Fundi mimi niko upande wa Mabatini, kadi za harusi, send off, vipeperushi vya misiba, ratiba za mazishi, vyote natengeneza kwa Publisher. Nina folda la miaka mingi, wateja wanarudi wanasema mama nifanyie kama ile ya dada yangu. Hiyo LibreOffice yako ina Publisher?

Fundi wa Makoroboi

Mama shikamoo. Nashukuru umeuliza maana hili nilitaka kuliandikia uzi wake peke yake.

Microsoft wametangaza wenyewe kwamba Publisher inakoma Oktoba 2026. Waliolipia Microsoft 365 baada ya hapo hawataweza kufungua wala kuhariri faili za .pub kwa Publisher, na ushauri waliotoa ni kuzigeuza faili kuwa PDF au kuzihamishia kwenye programu nyingine kabla ya muda. Mwenye toleo la kununua mara moja inaweza kuendelea kufunguka kwenye mashine yake lakini haitapata marekebisho tena, na mashine hiyo ikifa utaipata wapi nyingine?

Hapa ndipo ninapotaka kila mwenye steshenari Mwanza asimame kidogo. Folda lako mama ni mtaji. Kila kadi mle ndani ni saa zako, ni wateja wako, na uamuzi wa kwamba lisomeke au lisisomeke umefanyika mbali sana na Mabatini, bila wewe kuulizwa. Hawajakuibia, programu ni yao na wana haki ya kuiacha. Lakini michoro ni yako.

Cha kufanya: LibreOffice Draw inafungua .pub, uwezo huo uliingia kwenye toleo la 4.0 mwaka 2013, kuna watu walijitolea wakaichambua fomati hiyo mpaka wakaielewa. Nakwambia ukweli, haitoki sawasawa kila mara, maua ya pembeni na maandishi yaliyopindwa yanaweza kuhama, itabidi unyooshe kwa mkono. Kwa hiyo usisubiri. Kila kazi unayoipenda ifungue sasa hivi kwa Publisher yako, toa PDF ya kila moja kama kumbukumbu ya muonekano, halafu zile zinazoombwa mara nyingi zijenge upya kwenye Draw uziseivu .odg, ODF ya michoro, au Scribus kama unataka kazi ya kichapishaji kabisa, rangi na nafasi za kukatia. Kwa michoro ya maua na majina ya maharusi tumia Inkscape, inaseivu SVG ambayo nayo ni kiwango cha wazi.

Mama Steshenari

Marahaba mwanangu. Hili la Oktoba sikulisikia popote. Nitaanza na kadi za send off, ndizo zinazotoka sana.

Mhasibu wa Mwaloni

Niko Kirumba, naweka hesabu za kikundi cha kukopeshana cha wachuuzi wa dagaa, na kuna wakati nasaidia kumbukumbu za BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, za mwalo mmoja huku. Nimetumia Excel miaka mingi. Nilijaribu hiyo Calc, programu ya hesabu ya LibreOffice, kitabu changu kina makro, zile amri zinazojiendesha zenyewe, za kukokotoa riba na faini, zikagoma. Nikarudi nyuma. Sasa mnapowaambia watu wahame muwe mnawaambia na hili.

Fundi wa Makoroboi

Uko sahihi kabisa mkuu na nashukuru umeandika. Makro za Excel zimeandikwa kwa VBA, lugha ya Microsoft, LibreOffice inajitahidi kuziendesha, nyingine zinakubali nyingine zinakataa. Power Query na Power Pivot, zile zana za Excel za kuchambua data, hazipo. Mtu ambaye kazi yake yote inategemea hivyo abaki Excel, sina ugomvi naye. Niongeze na udhaifu wa ODF yenyewe, ile ya mwaka 2005 haikueleza fomula za hesabu ziandikwe vipi, kila programu ikawa na lake. Hilo lilinyooshwa kwenye ODF 1.2 mwaka 2011. Sio kwamba ni kitabu kilichoshuka mbinguni.

Ila niulize, hizo riba na faini zinahitaji makro kweli? Vitabu vingi vya vikundi nilivyovikuta, makro ilirekodiwa na mtu aliyeshaondoka kwenye kikundi na hakuna anayejua inafanya nini ndani. SUMIFS, IF, VLOOKUP na pivoti zipo Calc na zinatosha kwa hisa, mkopo, marejesho na faini. Na fomula ikiwa kwenye seli, mwenyekiti na mweka hazina wote wanaiona, mwanachama akiuliza mbona nimekatwa hivi unamwonyesha. Kwenye hela za watu hilo nalipa uzito sana.

Kumbukumbu za uzito wa samaki na bei za kila siku hata ODS usiumize kichwa, seivu na kopi ya CSV. Ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama ya mkato, kila programu duniani inayasoma.

Mhasibu wa Mwaloni

Hilo la kuonyesha fomula nimelielewa. Makro yetu kweli iliandikwa na kijana aliyehamia Geita. Nitakaa nayo niiandike upya kwa fomula, ila sio mwezi huu wa kugawana.

Kijana wa Kamanga

Mimi natumia WPS kwenye simu, bure, inafungua docx, pdf, kila kitu. Si ndiyo mbadala huohuo?

Fundi wa Makoroboi

Hapana, na hapa watu wengi wanachanganya. WPS ni bure kwa maana ya hela, unalipa kwa matangazo na baadhi ya vitu wanakufungia mpaka ulipie. Msimbo wake umefungwa, na ina fomati zake yenyewe, .wps, .et na .dps, ukiseivu humo ukampelekea mtu kwa flashi anakuja kunilalamikia mimi. Ukibaki nayo basi hakikisha unaseivu .docx. Kwenye simu ya Android ipo Collabora Office, imejengwa juu ya LibreOffice, inafungua na kuhariri .odt na .docx. Nzito kidogo kwa simu ndogo lakini kazi inafanya. OnlyOffice nayo msimbo wake uko wazi na muonekano wake unafanana sana na Word, ila yenyewe imeegemea .docx. Apache OpenOffice msihangaike nayo, 4.1 ilitoka 2014 na mpaka leo ni marekebisho madogo madogo ya hiyohiyo, watengenezaji wengi wako LibreOffice.

Mtumishi Mstaafu

Vijana nimefuatilia mjadala. Mmesahau kwamba hapa kwetu Tanzania tulishawahi kuwa mbele. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi, menyu zote kwa Kiswahili. Nilikuwa bado kazini, tukaiona kwenye maonyesho. Kilichotushinda ni mazoea. Kila waraka uliokuja kutoka juu ulikuja wa Word, mkurugenzi anauliza mbona hii haifunguki, ikaishia hapo.

Halafu kuna mji wa Munich, Ujerumani, walihamisha kompyuta zaidi ya 14,000 kwenda Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na OpenOffice, wakamaliza 2013, na mwaka 2017 baraza lao likapiga kura kurudi Windows. Fundi unalizungumziaje hilo? Kama Wajerumani wameshindwa, ofisi ya kata itaweza?

Fundi wa Makoroboi

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa Jambo OpenOffice, vijana wengi humu hawajawahi kuisikia na ni haki waijue. Kazi ile haikupotea yote, kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ipo ndani ya LibreOffice mpaka leo, unaichagua wakati wa kuinstoli, mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili inaisha.

Munich ni kweli, sikwepi. Lakini tazama na walioendelea. Uingereza Julai 2014 serikali ilichagua ODF kwa nyaraka za kuhaririwa na PDF/A (PDF ya kuhifadhi muda mrefu) au HTML kwa za kusomwa tu. Afrika Kusini waliiingiza ODF kwenye viwango vya serikali 2007. Na hukohuko Ujerumani, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza Aprili 2024 kuhamisha kompyuta 30,000 kwenda LibreOffice. Ninachojifunza kwa Munich ni kwamba walihamisha vyote kwa pamoja, mfumo wa kompyuta, programu, kila kitu, na siasa za baraza zikabadilika njiani. Ndiyo maana mimi tangu mwanzo wa uzi sisemi watu wafute Windows. Nasema anza na fomati. Word yenyewe kuanzia Office 2007 ilipopata marekebisho ya 2009 inafungua na kuseivu .odt. Google Docs nayo inakuruhusu kushusha kazi kama .odt. Yaani ofisi ya kata inaweza kubaki na Word yake halafu kumbukumbu zake zikawa ODF, bila kumfundisha mtu programu mpya. Mazoea uliyoyasema mzee ndiyo ukuta wenyewe, na ukuta huo unabomoka kwa waraka mmoja unaosema "leteni ripoti kwa .odt au PDF". Wewe uliyekaa ofisini unajua waraka wa namna hiyo una nguvu kiasi gani.

Mtumishi Mstaafu

Marahaba. Hapo kwenye waraka umenena. Watu wa chini wanafuata fomati ya anayeomba ripoti, sio wanayoipenda.

Mwanachuo Malimbe

Kaka Fundi nimeinstoli jana. Swali dogo, nikiseivu .docx inaniuliza kila mara kama nataka ODF, na je kuna namna ya kutuma faili moja ambalo linaprintika sawa lakini pia naweza kulihariri? Nimechoka kubeba mawili.

Fundi wa Makoroboi

Ipo, na wenye steshenari wote chukueni hii. Ukienda kutoa PDF kwenye Writer, kwenye yale machaguo kuna kisanduku kinaitwa Hybrid PDF. Kiweke tiki. Linatoka faili moja la PDF ambalo ndani yake limebeba .odt nzima. Mwenye simu analisoma kama PDF ya kawaida, printa inalitoa kama PDF ya kawaida, wewe ukilifungua na LibreOffice unahariri. Mteja akirudi baada ya mwaka na PDF hiyo kwenye simu yake akasema nibadilishie tarehe tu, unabadilisha.

Hilo onyo la kuseivu unaweza kulizima, Tools, kisha Options, kisha Load/Save, General, pale pa kuonya toa tiki. Ila mimi ningekuachia, linakukumbusha.

Na kwa wenye mafaili ya zamani mengi ya .doc na .xls, ingia File, kisha Wizards, kisha Document Converter. Unaionyesha folda, inageuza yote kwenda ODF kwa mkupuo na ya zamani yanabaki palepale. Fungua machache ukague kabla hujaamini.

Karani wa Shule, Ukerewe

Habarini. Niko shule ya sekondari huku kisiwani. Tuna kompyuta za msaada, Windows 7, nyingine RAM ni GB 2, mtandao unakuja na kuondoka. Mitihani ya miaka ya nyuma yote iko .doc na walimu wengine wameihifadhi kwenye flashi zao. Je LibreOffice itaingia kwenye mashine hizi?

Fundi wa Makoroboi

Karibu sana karani. Toleo jipya halitaingia, kuanzia 25.8 linataka Windows 10 au zaidi. Toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni 25.2, lipo kwenye hifadhi ya matoleo ya zamani ya The Document Foundation. Lakini Windows 7 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020, kwa hiyo mashine hizo zisiingie mtandaoni hovyo na flashi za walimu zisafishwe kwanza. Kama mwalimu wa TEHAMA yuko tayari, ile mashine moja yenye RAM kubwa kidogo mjaribu Linux Mint, inakuja na LibreOffice ndani tayari. Za GB 2 jaribuni Lubuntu, Linux nyepesi, ila ziwe za 64-bit. Mkiona inafaa ndio mziguse nyingine.

Kwa sababu ya mtandao wenu msihangaike kushusha. Mtu wenu akivuka kuja mjini apite hapa na flashi ya GB 8, nitamwekea 25.2 za aina zote mbili, 32-bit na 64-bit, pamoja na Mint na Lubuntu. Halipi kitu. Wakati wa kuinstoli chagua Custom, uweke tiki kwenye kamusi ya Kiswahili na ya Kiingereza, nyingine ziache nafasi isijae. Mitihani ikusanyeni kwanza folda moja kwa somo na mwaka kabla ya kuigeuza, na hiyo .doc ya asili msiifute mpaka kila mwalimu wa somo amefungua ya kwake akaona michoro na fomula za hesabu zimekaa sawa. Za fizikia na hisabati ndizo za kuangalia kwa makini zaidi.

Karani wa Shule, Ukerewe

Asante sana mkuu. Kuna mwalimu anavuka Ijumaa, nitampa flashi mbili.